Shahidi Anayepumulia Mkiani

Watoto wengi wa mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, wakirudi kutoka shuleni hukuta sahani ya sombe, yaani kisamvu, ikiwasubiri jikoni. Joëlle alikuwa akikuta chupa za mabuu.

Si kwamba alinyimwa chakula. Sombe ilikuwapo, tena mara nyingi ilikuwa na samaki ndani. Lakini Joëlle, msichana wa miaka kumi na miwili, aliishi na shangazi yake Adeline, daktari wa mifugo, na meza ya tantine Adeline iliyokuwa chini ya dirisha la sebule ilijaa chupa ambazo wageni walizitazama mara moja tu, wakakumbuka kwamba wana haraka. Ndani yake walikuwamo watoto wa nzi wa mizoga, wale nzi wakubwa wa kijani wanaong'aa. Mtaani watu huwaita funza na kuwatemea mate. Tantine aliwaita mabuu, na aliwazungumzia kwa heshima kama mtu anavyowazungumzia wakwe zake.

Mnyama akifa kifo cha kutatanisha, watu walimwita Adeline. Aliangalia jeraha, akaangalia macho na ulimi, kisha akachukua kijiko na kuchota mabuu. Nzi wa mizoga hangoji kualikwa. Mnyama akianguka tu mchana, yeye yuko hapo anataga mayai. Kwa hiyo anayeujua umri wa buu anajua pia mnyama amekufa tangu lini.

Kazi ya Joëlle ilikuwa maji. Akishabadili sare aliwasha mbabula, yaani jiko la makaa, akachemsha maji. Mabuu walio hai walitumbukizwa kwanza katika maji ya moto, wakanyooka na kubaki weupe. Baada ya hapo ndipo walipotiwa katika chupa ya alkoli ili wasioze.

"Maji ya moto kwanza, alkoli nyuma," tantine alikuwa akimwambia kila mara. "Ukigeuza, umeharibu."

Na aliyefanya kazi vizuri aliruhusiwa kuchungulia katika hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo hadi vionekane vikubwa. Hadubini ya tantine ilikuwa ya zamani na haikutaka umeme. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo kilichodaka jua la dirishani, na hilo lilikuwa jambo jema, maana umeme wa Lumumba hauna miadi na mtu.

Joëlle hakuisahau siku aliyochungulia mara ya kwanza.

"Unaona nini?" tantine aliuliza.

"Naona mulima ya mafuta, tantine. Inatembea!"

"Bon. Sasa angalia kwa nyuma, kwa mukia."

Joëlle akakisogeza kile kipande cha kioo alicholazwa buu. Mwishoni mwa ule mlima wa mafuta aliona visahani viwili vya rangi ya kahawia, vimekaa sambamba, na kila kimoja kilikuwa na mianya myembamba iliyopangwa vizuri.

"Iyi njo macho yake?"

"Hapana. Iyi njo pua yake."

"Pua kwa mukia!" Joëlle alicheka mpaka akashika tumbo.

"Cheka, lakini fikiri," tantine alisema. "Kichwa yake iko ndani ya chakula muchana na usiku. Angepumua na mbele, angekufa. Mungu akamutilia matundu ya pumuzi kwa mukia, akule bila kusimama. Buu mudogo kabisa iko na mwanya moja kwa kila kisahani. Akivua ngozi, inakuwa mbili. Akivua tena, tatu. Hawezi kuficha miaka yake, hata akitaka."

Kisha akamwonyesha buu mwingine, wa aina nyingine, aliyejaa vinundu kama miba mwili mzima. Huyu, tantine alisema, huchelewa kufika, na akifika hula mzoga na kuwala wenzake pia. Kila aina ina mwendo wake wa kukua, kwa hiyo lazima ujue kwanza ni nani, ndipo uulize ana umri gani. Joëlle aliacha kucheka. Alijisikia mdogo, kwa namna nzuri, kama mtu anayesimama chini ya anga la nyota. Kumbe kitu ambacho watu wanakitemea mate kimetengenezwa kwa ufundi kiasi kile!

Jumatano moja, baada ya mvua ya asubuhi, papa Baudouin alimkuta ng'ombe wake amekufa. Papa Baudouin alikuwa mfugaji anayejulikana sana ng'ambo ya mto Nyamukau, na kwa siku chache alikuwa amesafiri kwenda sokoni Kpandroma. Ng'ombe alilala katika shimo la zamani la wafyatua matofali, majani yamemfunika, na koo lilikuwa limekatwa.

Alasiri ile tantine Adeline alirudi kutoka shimoni na kopo la mabuu walio hai. Hakukaa hata kitako. Commandant Charlotte, afisa wa upelelezi, alikuwa akimsubiri nje ili waende pamoja kuangalia zizi.

"Unajua kazi," tantine akamwambia Joëlle, akamkabidhi kopo. "Nitarudi kabla jua haijatoka kwa dirisha."

Joëlle akaanza vizuri. Akapanga makaa, akawasha. Lakini makaa yalikuwa yamenyeshewa, na mbabula ilitoa moshi tu. Akapuliza mpaka machozi yakamtoka, na maji yalikuwa baridi vilevile. Mara akasikia sauti kwenye ua. Alikuwa Fifi, rafiki yake wa dawati moja.

"Joëlle! Nzango inaanza! Wale ba avenue ya chini bamefika, na siye tunakosa mutu moja. Weye!"

Wasichana wa Bunia wanajua nzango ni nini. Ni kuruka, kupiga makofi, kutupa mguu mbele ya mpinzani, na nyimbo zinazokuita hata ukiziba masikio. Joëlle alikuwa na mguu mwepesi kuliko wote mtaani. Alitazama sufuria, akatazama chupa ya alkoli. "Watakufa tu, maji au alkoli," alijisemea. "Kufa ni kufa." Akawamimina mabuu moja kwa moja katika alkoli, akafunga kizibo, akakimbia.

Timu yake ilishinda. Alirudi na tope hadi magotini, akiimba.

Sebuleni hakukuta mtu wa kuimbiwa. Tantine alikuwa amekwisha kufika pamoja na commandant Charlotte, papa Baudouin na mchunga ng'ombe wake Jérôme, mtu mzima mpole ambaye muda wote alitazama viatu vyake. Tantine alikuwa ameinua chupa kwenye mwanga, na uso wake ulikunjamana.

"Mbona ni meusi hivi? Joëlle, maji ilichemka?"

Watu wanne walimgeukia. Ulimi wa Joëlle ulifanya haraka kuliko akili yake.

"Ilichemka, tantine."

Tantine akatikisa kichwa, akaanza kuwapima mabuu. Walikuwa wafupi, wamejikunja. Akawaweka chini ya hadubini mmoja baada ya mwingine.

"Mukia imeingia ndani, mianya haionekane," alisema mwishowe. "Kwa urefu, wako wadogo, ba hatua ya pili, bamevua ngozi mara moja tu. Kama ni vile, ngombe ilikufa siku ya Jumatatu."

"Njo vile nilisema," Jérôme akanong'ona. "Jumatatu magaribi nilihesabu ngombe yote mu zizi. Hakuna yenye ilikosa."

Commandant Charlotte akapumua kwa nguvu. "Basi ni Léon, ule kijana mwenye kuchimba zahabu. Alifika kutoka Bambu siku ya Jumatatu asubuhi, juu ya lori, watu wote walimuona. Akakuta ngombe zimekula maharagi ya mama yake. Akalalamika mbele ya watu: 'Zirudie tena, nitazikata shingo!' Kama ngombe ingekufa kabla ya Jumatatu, ningemuacha, juu alikuwa angali kwa shimo ya zahabu. Lakini sasa…"

Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ya hasira ndivyo yalivyo. Kabla jua halijazama Léon alikuwa amefungwa.

Joëlle alibaki amesimama mlangoni, na tope lilikuwa likimkaukia miguuni. Léon alikuwa kaka wa Fifi.

Siku ya pili Fifi alifika shuleni macho yamevimba. Hakufungua kitabu hata kimoja. Wakati wa mapumziko alimvuta Joëlle nyuma ya darasa.

"Mama hakulala," alisema. "Kaka anaapa haiko yeye. Alisema tu na kasirani, hakuenda hata kwa ile shimo. Joëlle, tantine yako anajua kusoma funza. Tafazali, mwambie asome tena. Pengine alisoma mubaya."

Joëlle aliona aibu kubwa ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Tantine hakusoma vibaya. Ni yeye Joëlle aliyeuharibu ule mwili mdogo uliobeba ukweli, kisha akaufunika kwa uongo, na Fifi huyuhuyu aliyemwita kwenye nzango ndiye aliyekuwa akimwomba msaada. Mwalimu aliuliza mambo mengi siku ile na Joëlle hakusikia hata moja. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ileile, lakini miguu yake myepesi ilikuwa mizito.

Alimkuta tantine mezani.

"Tantine, maji haikuchemka."

Tantine aliweka kalamu chini.

"Makala ya mbabula ilikuwa na maji. Fifi akaniita, nikaenda kucheza nzango. Nilibatia mu alkoli bangali bazima. Kisha nikakudanganya." Machozi yalimtiririka, lakini aliendelea mpaka mwisho. "Léon amefungwa mu cachot juu yangu."

Tantine Adeline aliivuta ile chupa, akaigeuza polepole kwenye mwanga. Joëlle alitamani angemfokea.

"Unajua sasa kwa nini ni maji kwanza," tantine alisema hatimaye. "Alkoli peke yake inamukamata buu angali muzima. Anajikunja, anakuwa mweusi, anakuwa mufupi, na mukia inakimbilia ndani. Mukubwa anaonekana mutoto." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na mimi pia niko na kosa. Niliona ule weusi. Lakini watu walikuwa wananingoja, nikakubali neno ya mutoto, nikaacha neno ya macho yangu."

"Turudie kwa shimo, tuchukue bengine!"

"Papa Baudouin alichoma muzoga jana na mazutu, ile mafuta ya lori, ugonjwa isisambae. Mashahidi yetu ni hawa tu, mu chupa."

Basi wakaanza kuwatafuta wale mashahidi ndani ya miili yao iliyojikunja. Tantine alichukua wembe, akakata ncha za mikia, akaziweka katika maji ya potasi. Ni dawa kali, ndugu wa ile chumvi ya majivu ambayo bibi zetu hulainishia mboga, na kazi yake ni kula nyama na mafuta na kuacha ngozi ngumu peke yake. Joëlle alipuliza mbabula ili kuyapasha moto maji yale. Safari hii alichagua makaa makavu, na hakuondoka hata alipoitwa kula. Kisha wakaziacha zilale humo mpaka kesho yake.

Ijumaa ilileta jua zuri. Tantine alichukua ncha moja ya mkia, ambayo sasa ilikuwa nyembamba na angavu kama ganda la kitunguu, akailaza juu ya kioo na kuinamia hadubini. Akainuka, akampisha Joëlle kiti.

"Hesabu weye. Mimi sitasema."

Joëlle alishusha jicho. Mwanzoni aliona ukungu. Akazungusha gurudumu dogo polepole, na kutoka katika ule ukungu vikatokea vile visahani viwili vya kahawia, safi, bila hata kovu. Na ndani yake mianya. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Akahamia kisahani cha pili. Ilikuwa mitatu pia.

Alkoli ilikuwa imewafupisha na kuwatia weusi, na yeye Joëlle alikuwa amewasingizia, lakini alama ile haikuguswa. Ilikaa pale ndani ya giza la mkia ikingoja mtu wa kuihesabu. Alijihisi kama mtu aliyeingia kanisani bila viatu.

"Tatu, tantine," alinong'ona. "Tatu na tatu."

"Angalia ingine."

Waliangalia nyingine, na nyingine tena, na wote walikuwa wa mianya mitatu. Miongoni mwao tantine aliwatambua hata wale wenye miba, wale wachelewaji, nao walikuwa wameshakua. Wasingeweza kukua namna ile kwa siku mbili. Huyo ng'ombe alikuwa amekufa kabla ya Jumapili.

"Twende," tantine alisema, akachukua hadubini mikononi kama mtoto mchanga. "Na weye njo utaongea."

Ofisini kwa commandant Charlotte, mbele ya papa Baudouin na Jérôme walioitwa tena, Joëlle alisimama na kusema yote, makaa, nzango na uongo. Tantine akaeleza kuhusu mianya mitatu na kwamba ng'ombe alikufa kabla ya Jumapili, na hakuficha kosa lake mwenyewe. Hadubini ikawekwa dirishani. Commandant akachungulia, akahesabu kwa kidole hewani. Papa Baudouin, aliyefuga ng'ombe maisha yake yote na kuwafukuza nzi maisha yake yote, alichungulia akabaki ameinama hivyo.

"Eh, Mungu," alisema. "Hata hii iko na alama, kama ngombe zangu?"

Kisha akainuka, na wazo likamwingia. Akamgeukia mchungaji wake.

"Jérôme. Jumamosi mimi nilikuwa Kpandroma. Ulihesabu ngombe gani siku ya Jumatatu?"

Jérôme hakungoja swali la pili. Alifunika uso kwa mikono yake. Jumamosi aliwaacha ng'ombe peke yao akaenda kutazama mpira. Aliporudi, mmoja alikuwa ametumbukia shimoni na kuvunjika mguu, analia kwa maumivu. Alimkata koo ili asiteseke, akamfunika majani, akasema moyoni kwamba atamwambia tajiri wake kesho. Kesho ikapita. Jumatatu Léon akapiga kelele zake, na Jérôme akaona mlango wa kutorokea.

"Nilikuwa na woga, papa," alisema. "Kila siku ilikuwa inazidi kuwa ngumu kusema."

Joëlle alimtazama yule mtu mzima anayelia, akamwelewa kabisa. Naye alikuwa amesimama penye mlango uleule wa kutorokea.

Léon aliachiliwa saa ileile. Papa Baudouin alikwenda mwenyewe kumwomba radhi mama yake, na habari ya maharagwe ikazungumzwa kwa utulivu, kama ilivyotakiwa kuzungumzwa tangu mwanzo. Jérôme hakufukuzwa, lakini mwenye ng'ombe na mchungaji walikuwa na mengi ya kuambiana.

Lililokuwa gumu kuliko yote lilibaki kwa Joëlle. Alikwenda kwa Fifi, akamwambia kila kitu bila kujitetea. Fifi alisikiliza, akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Joëlle alirudi nyumbani peke yake. Hakulalamika, maana hakuwa na haki ya kulalamika.

Siku kadhaa baadaye, alasiri, Fifi alisimama uani kwao. Hakusalimia vizuri.

"Nataka kumuona," alisema. "Ule mwenye alimutoa kaka yangu."

Joëlle akamkalisha mbele ya hadubini, akamgeuzia kioo kuelekea jua. Fifi alichungulia kwa muda mrefu, na hasira ikaanza kumwondoka usoni, ikaingia sura nyingine, ya mtu aliyeonyeshwa jambo kubwa.

"Mianya tatu," alisema polepole. "Kintu mudogo hivi?"

"Mudogo hivi," tantine Adeline aliitikia kutoka mlangoni. Akaja akakaa kati yao. "Banangu, sikieni. Buu hana akili ya kudanganya, anabeba tu kile kiko. Siye watu njo tunaweza kumuharibia maneno. Kwa hiyo mukono yenye inamushika lazima ifanye kazi yote, hata kama makala iko na maji, hata kama nzango inaita. Na mukono ikikosea, mudomo useme mbio. Kosa ya Joëlle siku ya Jumatano ilikuwa ya kidogo, ningemugombeza na tungerudi kwa shimo. Uongo njo ilifunga mutu. Na alipokubali kusema kweli, hata chupa yenye iliharibika ilikuwa na kintu ya kutuonyesha."

Fifi aliacha bega lake liguse bega la Joëlle.

Juma lililofuata tantine alirudi na kopo jipya. Joëlle akapanga makaa, akawasha mbabula, akapuliza. Mvua ilikuwa imenyesha tena, na moshi ulimwingia machoni. Kutoka uwanjani makofi ya nzango yalianza kusikika, na Fifi akatokeza kichwa kwenye ua.

"Joëlle! Unakuja?"

"Maji haijachemka."

Fifi alitazama mbabula, akatazama uwanjani. Kisha akaingia uani, akapiga magoti upande wa pili wa jiko, akaanza kupuliza naye.